Gari ikizima ukiachia mafuta, anza na throto

Silensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, inapanda na kushuka? Injini inazima ukiachia mafuta kukaribia tuta? Kabla hujanunua plagi na pampu, angalia throto, yaani mlango unaopitisha hewa kwenda kwenye injini. Zima gari, fungua bomba la hewa linalotoka kwenye chujio, utaona kisahani cha chuma. Ukikuta masizi meusi yameganda ukingoni, hewa ya silensa haipiti vizuri. Safisha kwa dawa yake ya kupuliza na kitambaa laini. Throto ya umeme usiisukume kisahani chake kwa kidole. Mafundi wengi wanaiua hapo hapo. Kompyuta ya kupimia gari ikitoa namba ya kosa P2135, hiyo ni sensa za throto zinapingana au waya mbovu, dawa haisaidii kitu.

Na ikizima ukiwa mwendo, usichomoe ufunguo, usukani unaweza kujifunga. Breki inabaki na msaada wa mikanyago miwili mitatu tu, kwa hiyo kanyaga mara moja kwa nguvu na ushikilie, usipampu. Usukani utakuwa mzito kama wa trekta, lakini unageuka. Mimi ilinikuta Kitonga, kwenye mteremko, lori liko nyuma. Nilipampu.