Ukituma pesa ya boti Tanga, tuma na jaketi

Siku boti yetu iliposhushwa majini pale Deep Sea, Tanga, mjomba alinipigia simu ya video nikione nilichokilipia. Nikaona boti mpya ya faiba inang'aa, mashine ya nguvu za farasi 40 bado ina stika za dukani, nyavu zimekunjwa vizuri. Nikauliza: yale majaketi okozi sita niliyoyatuma kwa meli yako wapi? "Yapo salama, mwanangu," akasema. "Nimeyafungia chumbani kwa bibi yako, yasije yakaibiwa."

Niliudhika, nikakata simu mapema. Baadaye nikaona mjomba hakukosea sana. Kitu kizuri kikilala ndani ya boti ufukweni, asubuhi hukikuti. Mimi ndiye niliyekosea, maana nilituma vitu bila kutuma utaratibu. Ninayoyaandika hapa ni ya wenzangu walioko Uingereza, Oman, Marekani na kwingineko, ambao kila mwaka wanawanunulia ndugu zao boti, mashua au injini na kudhani kazi imeishia kwenye risiti.

Hati iko kwa jina la nani?

Tuna mazoea ya kusema "nimemsaidia kaka kidogo". Chombo kikipata ajali, hakuna atakayeuliza nani alisaidia, wataulizia mwenye chombo. Kwa Tanzania Bara, anayesajili na kukagua vyombo vidogo ni TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, lililochukua kazi za usafiri wa majini kutoka mamlaka ya zamani, SUMATRA, mwaka 2018. Ukivuka bahari kwenda Pemba na Unguja, kuna mamlaka yao wenyewe ya usafiri wa baharini, ZMA. Pamoja na usajili huo, chombo cha uvuvi kinahitaji leseni ya uvuvi, na wavuvi nao wana leseni zao. Hizo anaanza nazo afisa uvuvi wa halmashauri, na viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa fukwe, pale dikoni boti zinaposhusha samaki, watamwelekeza ndugu yako.

Omba picha ya cheti cha ukaguzi. Risiti ya malipo peke yake haitoshi. Uliza kimeruhusu watu wangapi na kinaisha lini. Kisha mwambie nahodha waziwazi, mbele ya mashahidi, kwamba boti hii ni ya samaki na abiria hawapandi. Vishawishi vya kuvusha watu Pemba usiku ni vikubwa, hasa karibu na sikukuu, na nauli ya usiku mmoja inaweza kupita mauzo ya wiki nzima. Tuliokuwa watu wazima Septemba 2011, ilipozama meli ya abiria MV Spice Islander, njiani kwenda Pemba, ikiwa imejaa kupita kiasi, hatuhitaji kukumbushwa.

Pesa ya usalama itoke wapi

Hapa ndipo penye kiini, na sijaona wengi wakipazungumza.

Wavuvi wetu hawana mshahara, wana mgao. Samaki wakishauzwa, kwanza hutolewa gharama: petroli, oili, barafu, chakula. Kinachobaki ndicho hugawanywa: fungu la chombo, la mashine, la nyavu, na mafungu ya watu. Viwango hutofautiana diko hadi diko, lakini mtindo ni huo. Kilichomo ndani ya gharama hununuliwa kila safari bila ugomvi. Sijasikia baharia akimuuliza nahodha kwa nini amenunua petroli. Lakini kilichoachiwa fungu la chombo, yaani wewe, husubiri simu yako, nayo simu yako husubiri mwisho wa mwezi. Tochi imekufa leo, boti itatoka bila tochi wiki tatu.

Kwa hiyo tulikubaliana kwamba kiasi kidogo kitolewe kwenye gharama kila safari, kama petroli, kiwekwe kwa mtu asiyepanda boti. Kwetu ni binti wa mjomba, mwenye kibanda cha M-Pesa. Betri, kamba, plagi ya akiba, dawa ya majeraha, vyote vinatoka kwake. Mabaharia walinuna wiki mbili. Kilichowatuliza ni mjomba kuwaambia kwamba na mimi nakatwa kwenye fungu langu, sawa na wao.

Na ukiwa bado hujanunua mashine, punguza nguvu zake. Tofauti ya bei kati ya farasi 40 na 25 inatosha majaketi ya watu wote, nanga ya maana na kamba yake. Mimi nililijua hilo baada ya kununua.

Jaketi linalovaliwa

Ninafanya kazi bandarini Peterhead, Uskochi, upande wa kupokea samaki. Tangu mwishoni mwa 2018 sheria ya Uingereza inamtaka mvuvi avae kifaa cha kuelea akiwa sitahani, isipokuwa pale tathmini iliyoandikwa inapoonyesha hawezi kuanguka majini. Wazee wa huku nao walilalamika: linabana, lina joto, linanasa kwenye nyavu. Ni malalamiko yale yale ya Sahare na Mwarongo, na joto la Tanga limezidi.

Angalia namba iliyochapwa ndani ya jaketi, yenye herufi N, inayoonyesha nguvu yake ya kuelea. Jaketi la 50 ni la anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. La 100 ni la maji ya pwani. La 150 limetengenezwa limgeuze hata aliyezimia, uso wake ukae juu. Kitabuni ungechagua la 150. Mimi nilichagua vizibao vyembamba vya 50 vya kufanyia kazi, kila mtu na chake, na ya 150 yakafungwa kwa fundo la kufunguka haraka chini ya ubao wa nahodha. Baharia akiwa anavuta nyavu saa nane usiku, cha 50 kilichomo mwilini ndicho kitakachomfaa.

Usinunue yale yanayojijaza hewa kwa mtungi mdogo. Ni mazuri, lakini mtungi na vali vinahitaji kukaguliwa kila mwaka, na chumvi haina huruma. Chukua ya sponji.

Habari ya wizi tuliimaliza hivi: kila kizibao kina namba, na mwenyewe anakwenda nacho nyumbani. Ni mali yake. Akihama boti anahama nacho. Niliambiwa nitapoteza vizibao, na kweli viwili viliondoka na wenyewe. Sawa, wako navyo baharini, kwenye boti nyingine.

Nikiwa hapo hapo, jambo la aibu kidogo. Wanaume wengi huanguka majini usiku wakiwa wamesimama tezi, nyuma ya boti, wanajisaidia, wenzao wamelala. Nunua ndoo yenye mpini. Usione haya kulisema kwenye simu, maana ndoo ni bei ya kilo chache za samaki.

Faiba haielei kama ngalawa

Babu zetu walipinduka na ngalawa wakaishikilia hadi asubuhi, kwa sababu mti huelea hata ukijaa maji. Faiba isiyo na vyumba vya povu ikijaa maji, huku mashine inaivuta tezini, huzama. Muulize fundi kabla hajafunika: povu umeweka wapi? Akisita, agiza madumu ya lita 20, matupu, yamefungwa kwa nguvu na kukazwa chini ya mbao za kukalia, mengine omo, mbele ya boti. Dumu moja la namna hiyo linabeba karibu kilo 20 majini, na mtu anayeelea hahitaji hata nusu yake. Kisha wote wakubaliane kabla ya safari kwamba boti ikipinduka, hakuna kuiacha. Taa za Raskazone, pale ufukweni Tanga, huonekana karibu usiku, na wengi wamepotea wakizifuata kwa kuogelea.

Mashine ikizima katikati ya Mkondo wa Pemba, ile bahari ya kina kirefu kati ya Tanga na Pemba, nanga haifiki chini. Maji ya pwani yetu yana mkondo unaokwenda kaskazini, na kusi ikivuma unaongezewa nguvu. Boti iliyozimikiwa nje ya Tanga hairudi Pangani, inakwenda kwa ndugu zetu wa Vanga, Shimoni na Mombasa. Kwa hiyo weka namba za watu wa upande ule, maana huko ndiko boti itakakoonekana kwanza. Mombasa ina kituo cha uratibu wa uokoaji baharini, na Dar es Salaam ina chake. Na ndani ya boti kuwe na tanga dogo au makasia mawili ya kweli, siyo ubao wa kuokota.

Pia mashine iwe na ile kamba nyekundu ya kuzima mashine, ifungwe mkononi mwa anayeshika usukani. Wengi huiacha ikining'inia kama pambo. Mtu akirushwa, boti isiyo na dereva huzunguka na kumrudia na panga boi lake.

Kwa wanaokwenda dagaa: karabai na madumu ya petroli vikae mbali, na kujaza mafuta kufanyike mashine ikiwa imezimwa na hakuna anayevuta sigara. Taa za betri zimepunguza hatari hii sana. Ukipata nafasi, zinunue hizo kabla ya nyavu.

Anayebaki nchi kavu

Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa utabiri wa bahari kila siku. Angalizo lake la kawaida hutaja upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, na mikoa hutajwa kwa majina, Tanga ikiwemo. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, tahadhari zilitangulia siku kadhaa. Wazee wanajua pepo za matlai na maleleji kuliko simu yoyote, sibishani nao, ila tumeweka sharti moja: TMA ikitaja Tanga, boti haitoki, na siku hiyo mimi sidai fungu langu. Bila hicho kipande cha pili, cha kwanza hakifuatwi.

Kabla ya kutoka, nahodha anamwachia binti wa mjomba ujumbe: majina ya waliomo, wanaelekea wapi, petroli lita ngapi, wanarudi saa ngapi. Saa hiyo ikipita kwa masaa mawili na simu haipatikani, anakwenda BMU na polisi, hanipigii mimi kwanza. Mimi niko Peterhead, nitafanya nini zaidi ya kulia?

Sasa sanduku lako la likizo. Filimbi, utepe unaong'aa usiku, taa za kichwani, mifuko ya simu isiyoingiza maji: beba tele. Fataki za ishara usizibebe kabisa, ni milipuko na ndege haziruhusu. Zitafutwe Dar es Salaam, na tarehe yake ya mwisho isomwe, kwa kawaida ni miaka mitatu. Redio ya mkononi ya VHF ni nzuri kwa chaneli 16, ya kuita msaada, lakini masafa yanasimamiwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, hivyo uliza kwanza. Ukinunua kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti, cha masafa ya 406 MHz, mwambie muuzaji kiandikishwe kwa Tanzania, msimbo wa nchi 674 au 677. Kikiachwa na namba ya Uingereza, wito wa boti ya Tanga utatua kwanza kwa Waingereza, watafute mwenyewe ni nani.

Kama bado una pesa, mlipie nahodha mafunzo. FETA, chuo cha uvuvi cha serikali, ina kampasi Mbegani, Bagamoyo, inayofundisha mambo ya uvuvi na vyombo, na Chuo cha Bahari Dar es Salaam kinafundisha kujiokoa baharini na kuzima moto. Mjomba alikataa, akasema ana miaka 40 baharini. Akaenda mwanawe.

Juzi mjomba kanipigia tena, yuko ndani ya boti, kizibao mwilini, kifungo cha juu wazi kwa sababu ya joto. Hakunisalimia hata. "Filimbi moja imetumbukia," akasema. "Ukija, lete mbili. Na ndoo ya bluu imepasuka."