Somo: Siku za kushika mimba, angalia ute usiangalie kalenda peke yake

Mashoga zangu, wengi mwahesabu siku ya 14 basi, na hiyo ni ya mwenye mzunguko wa siku 28, sasa wewe wa siku 35 yai huenda likatoka siku ya 21, mwapishana nalo kila mwezi halafu yaja maneno nyumbani.

Kwanza, siku damu inapoanza iandike, hiyo ndo siku ya 1.

Pili, na hapa ndo penyewe. Damu ikikatika, kila ukienda chooni jifute uangalie kabla hujakojoa. Mwanzo pakavu, kisha ute mzito wa kunata, kisha majimaji, mwisho wateleza kama weupe wa yai bichi, ukiuvuta kwa vidole viwili wanyooka haukatiki. Ukiuona huo usingoje kesho, mbegu za mume zaweza kuishi ndani mpaka siku 5 lakini yai ni masaa 12 mpaka 24 tu, afadhali yai lizikute zishafika.

Tatu themometa, nunua ile ya desimali mbili, ilale karibu na mto, upime kabla hujainuka wala kunywa kitu. Yai likishatoka joto lapanda kama digrii 0.2 mpaka 0.5 za selsiasi na labaki juu. Yaani lakwambia lishapita, halikwambii laja, ndo maana mi nauamini ute zaidi.

MASWALI

Ramadhani je, na daku?
Pima ukiamka daku kabla ya maji, bora uwe umelala masaa 3 mfululizo. Andika na saa, maana joto la saa kumi alfajiri huwa chini kuliko la saa kumi na mbili.

Dada niko Kisauni, stima zikipotea usiku hatulali kwa joto, si itanidanganya?
Siku hiyo itie alama usiihesabu, fuata ute.

Ute wangu wanuka na wawasha.
Huo si wa yai mamii, nenda kliniki, na usijioshe ndani kwa sabuni.

Nanyonyesha, sijaona damu bado, niko salama?
Usijidanganye, yai laweza kutoka kabla ya hiyo damu ya kwanza.

Mwaka mzima twajaribu, nina 29.
Mwende hospitali wote wawili. Akisema yeye hana shida mwambie apimwe kwanza.