Jinsi ya kuandika "data were collected" bila kazi kurudishwa na supavaiza

Kama uko kwa tasnifu saa hii na umefika chapta ya tatu, hii sentensi huwezi ikwepa: "data were collected". Mimi husomea watu kazi zao hapa Kisumu kabla wazipeleke kwa supavaiza na hapo ndio naona wengi wakiteleza, mwanzo wa paragrafu ni "were", katikati "was", mwisho "has", yaani hata wewe mwenyewe hujui umesimama wapi.

Data ni wingi wa neno la Kilatini datum, ndio maana kuna walimu hawataki kuskia "data was". Lakini Kiingereza cha siku hizi kinakubali umoja pia, unaichukua kama unga au maji, kitu hakihesabiki moja moja. Hata sisi tuko hivyo, huyu anasema data hii inaonyesha, yule data hizi zinaonyesha, neno ni lile lile.

So kwanza uliza idara yenu inataka mtindo gani. Wakisema APA (ule mtindo wa uandishi wa American Psychological Association), andika wingi, hakuna mjadala. The Guardian ya Uingereza wao hutumia umoja, kwa gazeti ni sawa. Kama hakuna amekuambia kitu, chagua moja ukae nayo mpaka ukurasa wa mwisho. Ukichukua wingi, basi ni "these data", "the data show", na ukirudia unasema "they". Usiandike "this data were". Na "datas" haiko, "a data" pia haiko, ukitaka moja tu sema "a data point".

Sasa mahali watu huumia sana. Kuna mwanafunzi aliambiwa tu "badilisha iwe were", akaenda saiba wakabadilisha kazi yote kwa mpigo mmoja, ikatoka "data collection were done" kutoka chapta ya tatu hadi ya tano, na ashalipia kuprint nakala zote. Niliskia vibaya sana juu ya hizo pesa. Hapo kilichofanywa ni collection, sio data, so ni "data collection was done" hata kwa APA. Vile vile "data analysis was done" na "the set of data was small". Pia kuna kinyume chake: "Data on the price of omena was collected", jicho limeangukia price na omena (dagaa) na kumbe kilichokusanywa ni data, weka "were". Bonyeza Ctrl na F, andika data, usimame kwa kila moja ujiulize ni nini haswa kilifanywa. Inachukua kama jioni moja hivi lakini ifanye mwenyewe, usiachie mashine.

Halafu wakati. Kwa pendekezo la utafiti unasema "data will be collected", ukitoka fildi inakuwa "were collected". Mtu amezunguka Dunga, bichi ya hapa Kisumu kando ya Ziwa Victoria, na jua kali akihoji wauza samaki wiki mzima na chapta ya tatu bado inasema "will be", mtahini ataanza kujiuliza kama ulienda kweli.

Kitu kingine kidogo ni "by". Dodoso haikusanyi kitu, watu ndio hukusanya, so "by two research assistants" lakini "using questionnaires". Ukiweka pamoja unapata kitu kama hii: "Data were collected from fish traders at Dunga Beach using questionnaires."

Ukifika chapta ya nne sasa ni "the data show" ama "the data suggest". "Prove" wachana nayo, kama ulihoji watu wa bichi moja tu hujathibitisha mambo ya ziwa lote.