Amua Kabla Hujachoka: Namna ya Kuishika Akili Mwili Unapoelemewa

Anayetaka kustahimili uchovu hana budi kuanza na jambo ambalo wengi wetu hulikumbuka tumechelewa: aamue mapema, akiwa amelala na amekula, atafanya nini pindi atakapochoka. Akili iliyochoka hupima mambo vibaya. Huona kilima kirefu kuliko kilivyo, huona neno dogo la mwenzake kuwa ni tusi, na huipokea hoja yoyote ya kuacha. Kwa hiyo saa ya uchovu isiwe saa ya kuamua, bali iwe saa ya kutekeleza yaliyokwisha kuamuliwa.

Katika mbio za marathoni, zenye kilomita 42.195, shida kubwa kwa kawaida huanza baada ya kilomita ya 30, kwa sababu hapo ndipo akiba ya sukari iliyomo kwenye misuli na ini hukaribia kwisha. Mkimbiaji anayelijua hilo huupokea uzito wa miguu kama mgeni aliyeahidi kuja. Asiyelijua hushtuka, akakaza mabega na kuuma meno, na nguvu kidogo zilizobaki akazimalizia kwenye hofu.

Vijana ninaowafundisha huwaagiza waandike kwa mkono wao, usiku wa kuamkia mashindano, sentensi chache za namna hii: “Miguu ikiwa mizito, nitafupisha hatua na kulegeza mikono. Nikiachwa na kundi, nitarudi kwenye mwendo wangu wa mazoezini. Nikitaka kuacha, nitafika kwanza kwenye meza ya maji inayofuata, nitakunywa, ndipo nitafikiri upya.” Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote, kwa kuwa inaikata safari ndefu ikawa vipande ambavyo akili inaweza kuvibeba. Mtu aliyechoka hawezi kuzibeba kilomita 12 kichwani, lakini meza ya maji anaiona kwa macho yake.

Usiuamini mapema mno mwili unaposema kwamba umemaliza. Tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu wa Tanzania na Amanal Petros wa Ujerumani walimaliza marathoni ya ubingwa wa dunia wakiwa na muda uleule, saa 2:09:48, na Simbu akapewa dhahabu kwa tofauti ya sekunde 0.03. Watu waliokimbia zaidi ya saa mbili walipata bado nguvu za kufukuzana kwenye mita za mwisho. Nguvu hizo hazikushuka kutoka angani. Zilikuwamo mwilini muda wote, na wapo wataalamu wanaosema kwamba ubongo huzizuia kwa tahadhari hadi uone mwisho uko karibu. Ndiyo maana kuukaribisha mwisho, kwa kujiwekea vituo vidogo, kuna faida ya kweli na si kujidanganya.

Halafu iko pumzi, ambayo ni kamba ya mwili unayoweza kuishika kwa hiari yako wakati moyo unapoenda mbio. Ukiwa umesimama, kabla ya kupiga penalti au kuingia kwenye chumba cha mtihani, vuta pumzi kwa hesabu ya nne na uitoe taratibu kwa hesabu ya sita, mara tano au sita. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta huupunguzia moyo kasi. Uso nao usiusahau. Eliud Kipchoge, aliyekimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40 huko Vienna mwaka 2019, huonekana akitabasamu katika sehemu ngumu za mbio, na mwenyewe ameeleza kwamba tabasamu humsaidia kulegea. Jaribu mwenyewe kukunja uso huku umelegeza mabega, nawe utaona jinsi ilivyo vigumu.

Haya yote yafanyiwe mazoezi ukiwa umechoka, la sivyo siku ya siku hayatakuja. Weka sehemu ngumu mwishoni mwa mbio ndefu ya wiki. Mwanafunzi naye ajibu mtihani wa majaribio jioni, baada ya siku nzima ya kazi. Lakini zoezi hilo la kujichosha lisifanyike kila siku.

Kanuni ya kuamua kabla hujachoka nimeihitaji zaidi nje ya barabara. Mama yangu alipolazwa, nilikesha naye usiku tisa, na usiku wa tatu nilijikuta nimeandika ujumbe mkali kwa ndugu yangu ambaye hakuja kunipokea zamu. Nilikuwa bado sijautuma, nikaufuta. Nyuma ya kadi ya kliniki nikaandika: “Kati ya saa sita usiku na chai ya asubuhi, simjibu mtu, siamui kitu kisicho cha haraka.” Kadi ile niliiweka chini ya chupa ya chai, nikawa naisoma kila ninapomimina. Ndugu yangu alikuja siku ya nne, kumbe alikuwa na mtoto mgonjwa, ila hakutaka kunibebesha habari hizo.

Uamuzi wa kuacha nao uandikwe mapema, pamoja na dalili zake. Uchovu huenea mwili mzima na hupanda na kushuka; jeraha hukaa mahali pamoja na huzidi kwa kila hatua. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, kuchanganyikiwa au kuacha kutoka jasho kwenye jua kali ni amri ya kusimama na kuomba msaada papo hapo. Kipchoge mwenyewe, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 2016 na 2021, alijitoa njiani katika marathoni ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024 baada ya mgongo kumsumbua. Na kwa anayemuuguza mtu nyumbani, dalili ya kuandika ni hii: nikikosa usingizi usiku tatu mfululizo, nitamwita ndugu kwa jina, nitamwambia aje saa ngapi, nami nitalala.