Kwenda Marafa kwa baiskeli kutoka Malindi: mchanga, upepo na njia za bodaboda

Marafa, kijiji chenye korongo maarufu kaskazini ya Malindi, haina volkano. Jina la Jiko la Shetani, pamoja na ule wekundu wa korongo jua likitua, huwafanya wengi waje wakitarajia mawe ya moto na majivu. Wagiriama hupaita Nyari, mahali palipojivunja penyewe, na jina hilo liko karibu zaidi na ukweli. Ni mchanga ulioshikamana ukawa kama mwamba laini, mvua na upepo vikauchonga mpaka zikabaki kuta na minara ya rangi nyeupe, ya chungwa na nyekundu. Kwa mwendesha baiskeli hili ni jambo kubwa. Kokoto hulibeba tairi, mchanga hulimeza. Ukija na baiskeli iliyoandaliwa kwa kokoto, sehemu nzuri ya safari utaisukuma.

Matairi kwanza

Upana wa milimita 40 ndio wa chini kabisa, na hata huo ni wa mtu mwepesi asiye na mzigo. Milimita 45 hadi 50 ndiyo saizi ya huku. Kama fremu yako haipitishi zaidi ya 38, chukua baiskeli ya milimani ya matairi mapana, hata kama ni nzito. Uzito wake utauhisi, lakini mchangani upana wa tairi ndio unaokubeba.

Presha ndiyo inayowashinda wengi. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi la milimita 45 aanze na psi 35 nyuma na 32 mbele akiwa na tyubu. Akifika kwenye mchanga mzito ashushe hadi 25 au 28. Akishuka chini ya hapo na tyubu ndani, jiwe moja au mzizi utalibana tairi kwenye rimu na kutoboa tyubu matundu mawili yanayokabiliana, kama meno ya nyoka. Ukiona matundu ya namna hiyo usihangaike kutafuta mwiba: presha ilikuwa ndogo. Tundu moja dogo upande wa nje ni mwiba wa mgunga, na huenda bado umo ndani ya tairi. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, si kidole, mpaka kinase.

Tairi lisilo na tyubu hushinda miba hii vizuri, mradi dawa ya kuziba ingali maji. Weka mililita 60 hadi 90 kila tairi. Joto la Pwani huikausha upesi, kwa hiyo ifungue uikague kila baada ya miezi miwili. Ukitikisa gurudumu usisikie kitu kikicheza ndani, imekwisha.

Vipuri ambavyo fundi wa kijijini hana

Mafundi wa baiskeli wapo njiani, na ni hodari kwa spoki, beringi na kuunga chuma. Ila vipuri walivyonavyo ni vya baiskeli za kubebea mizigo: tyubu za inchi 28 na za inchi 26. Tyubu ya inchi 26 yaweza kuvutwa ikakaa kwenye gurudumu la 700c, ambalo ni kubwa zaidi, ikakufikisha nyumbani. Tatizo ni tundu la valvu. Rimu nyingi za kisasa zina tundu jembamba la milimita 6.5, na valvu nene ya tyubu hizo inataka 8.5. Wapo wanaotoboa rimu njiani kwa msumari. Usikubali, kingo zitakazobaki zitakata valvu.

Beba basi tyubu mbili za saizi yako, viraka na solusheni, pampu, vyuma viwili vya kutolea tairi, funguo za pembe sita za milimita 4, 5 na 6, chombo cha kukatia cheni na kiungo chake cha kufungia, na kile kichuma kidogo kinachoshikilia giya za nyuma kwenye fremu. Kichuma hicho hutofautiana kati ya aina moja ya baiskeli na nyingine, na kikipinda giya hutumbukia kwenye spoki.

Cheni ipake mafuta kidogo sana usiku wa kabla ya safari, halafu uifute mpaka nje ikauke. Mafuta mengi huokota mchanga, na mchanga ukichanganyika na mafuta hula meno ya giya kama msasa.

Msimu na upepo

Mvua za masika huanza Aprili na kuzidi Mei. Wakati huo Mto Sabaki hubeba tope mpaka bahari ya Malindi inageuka rangi ya udongo, na mabondeni mfinyanzi hunata kwenye magurudumu hadi yasizunguke. Januari hadi Machi ni kukavu, lakini jua ni kali na mchanga umelegea, wa kina. Miezi mizuri ni Julai hadi Septemba. Siku bora kuliko zote ni ile ya pili baada ya manyunyu, mchanga ukiwa umeshikana.

Kusi linapovuma hukusukuma ukienda, kwa kuwa Marafa iko kaskazini ya Malindi, na hapo ndipo watu wanapojidanganya. Asubuhi unaona unaruka. Mchana, umechoka, upepo umezidi nguvu na uko usoni. Wakati wa kusi, ukifika Marafa umetumia zaidi ya nusu ya maji na nguvu, lala huko. Kaskazi ni kinyume: unataabika asubuhi, unarudi kwa raha.

Njia

Kwenda na kurudi si chini ya kilomita 70, na njia za panya huongeza. Kipande kibaya ni cha mwanzo. Sabaki inavukwa kwenye daraja la barabara kuu ya Garsen, na karibu na hapo hakuna njia nyingine ya kuikwepa barabara hiyo. Usidanganywe na mto ukionekana mwembamba karibu na mlango wake; una mamba na viboko. Toka mjini saa kumi na moja na nusu alfajiri, taa nyekundu ikiwaka nyuma, uvuke daraja kabla matatu na malori ya chumvi ya Gongoni hayajachangamka. Ukisikia lori nyuma na jingine linakuja mbele, shuka kando mapema. Ukingo wa lami mara nyingi umekatika, na tairi likiuparua kwa ubavu utaanguka.

Mambrui ni pahali pa kusimama, na si kwa chai pekee. Ni mji wa kale wa Waswahili na wa elimu ya dini, una kaburi la nguzo lililopambwa kwa vyombo vya kaure vya Kichina. Ndani ya mji shuka, tembea na baiskeli, na ujifunge kikoi juu ya kaptura; mavazi ya baiskeli yanayobana hayapendezi karibu na misikiti na madrasa. Kula hapa: mahamri kwa mbaazi hukaa tumboni muda mrefu kuliko biskuti. Mwezi wa Ramadhani usitegemee mgahawa mchana, beba tende zako, na ule faraghani.

Baada ya Mambrui achana na lami uingie bara. Njia inayojulikana zaidi ni ya Marikebuni. Magari ni machache, ila mahali pengine barabara ina mbavu za mawimbi zinazotikisa meno. Mbavu hizo hupungua ukingoni kabisa, kwa hiyo endesha pembeni. Vijia vya kando, vinavyopita kati ya mashamba ya mahindi, mihogo na mikorosho, ni vitulivu zaidi. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kutoka, lakini katika kuchagua kijia fuata alama za bodaboda. Pikipiki zimegandamiza mstari mmoja mwembamba, na waendeshaji wake wanajua upande gani mchanga ni mfupi.

Kuuliza njia nako kuna namna yake. Shuka, salimia, uliza hali, ndipo uulize njia. Ukiuliza "ni mbali?" utajibiwa "hapo tu", nawe utapiga kanyagio saa nzima. Uliza nauli ya bodaboda hadi huko. Hiyo haidanganyi.

Kuendesha kwenye mchanga

Badili giya kabla hujaingia. Ukiwa ndani umechelewa, utakanyaga kwa nguvu, gurudumu la nyuma litachimba na kusimama. Rudisha uzito nyuma kidogo, legeza mikono, kanyaga kwa mzunguko wa haraka usiokatika. Gurudumu la mbele likitangatanga liache. Ukilirekebisha kwa usukani ndipo linapojikunja. Usiguse breki ya mbele. Ukikwama, tembea mita hamsini bila kuona haya, kwani kusukuma huchosha kidogo kuliko kuanza upya mara tano.

Maji: lita tatu mwilini au kwenye baiskeli unapotoka Mambrui, ukinywa karibu robo tatu ya lita kila saa. Maji matupu siku nzima humaliza chumvi mwilini, na dalili yake ni kichwa kuuma ilhali umekunywa. Changanya lita moja ya maji safi na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta, visizidi. Dafu ukilipata ni neema, ila haliondoi haja ya chumvi.

Korongoni

Baiskeli iache juu, langoni, ulipe kiingilio na uchukue mwongozaji wa kijijini. Kuendesha ukingoni ni ujinga: ukingo ni mchanga, humeguka bila onyo, na tairi hufungua mfereji ambao mvua itaupanua. Chini hakuna upepo na joto hukusanyika, kwa hiyo shuka kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Rangi hupendeza zaidi jua likitua. Lakini mwenye kuitazama wakati huo asirudi Malindi usiku huohuo. Mbuzi, mashimo na pikipiki zisizo na taa havionekani. Panga malazi mapema.

Ukirudi nyumbani, hewa ya bahari na vumbi vitaanza kazi usiku huohuo. Osha kwa ndoo na sifongo. Maji ya mpira wenye kasi yakielekezwa kwenye beringi husukuma mchanga ndani badala ya kuutoa. Kausha cheni kwa kitambaa, paka mafuta, kisha inua kila gurudumu ulizungushe. Likikwaruza, fungua beringi kabla ya safari nyingine.