Fundi kaharibu tailizi za bafuni, umlipe vipi?

Kwanza usimlipe ukiwa na hasira, na usimfukuze bila hela pia, maana jasho lake limetoka na huenda ana msaidizi wake anayesubiri chake.

Kagueni pamoja, mchana, taa isiwadanganye. Gonga kila tailizi kwa sarafu, ikitoa sauti ya uwazi ujue chini hakuna simenti ya kutosha na siku moja itang'oka. Kisha mwaga ndoo ya maji, yakituama kona badala ya kwenda kwenye tundu hapo mteremko umekosewa, na hili ndo kosa kubwa kabisa kuliko grauti (ile ya kujaza nafasi kati ya tailizi) kupinda au rangi kuchafuka kidogo, hivyo vidogo mimi huwa navisamehe. Piga picha.

Halafu mpe nafasi arekebishe mwenyewe, mpange siku. Akikataa, ita fundi mwingine akwambie kurekebisha ni bei gani. Mfano mlikubaliana ufundi 200,000, ushampa 120,000, na marekebisho ni 50,000, basi mmalizie 30,000. Usikate zaidi ya hapo eti kwa sababu umeudhika. Ila kama ni wewe ulienunua tailizi mbovu au ulimharakisha, hiyo ni juu yako, mlipe yote.

Mtumie kwa simu ili rekodi ibaki, na umwandikie meseji hesabu ilivyokuwa. Mkishindwana kabisa, nendeni kwa mjumbe au serikali ya mtaa.