Ndugu yako akizidiwa na maradhi ya akili Uingereza: simu ya kwanza ipigwe wapi

Mtu anapoanza kusema kwamba ni heri afe, au anapokesha usiku baada ya usiku akijibu sauti ambazo wengine hawazisikii, wengi wetu tulioko Uingereza huanza kwa kupiga simu nyumbani, kumtafuta sheikh au mchungaji, na kulificha jambo lisifike kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Dua ina nafasi yake, wala simzuii mtu. Lakini simu ya kwanza ipigwe kwa wahudumu wa afya.

Ikiwa ameshameza vidonge, amejijeruhi au ameshika silaha, piga 999. Ikiwa hali haijafika hapo, na mko England, piga 111 kisha uchague namba 2; iwe usiku au mchana, utaunganishwa na wataalamu wa afya ya akili. Kiingereza kisikuzuie: sema mahali ulipo, taja neno “Swahili”, na usubiri mkalimani aingizwe kwenye simu, naye halipwi na mgonjwa. Nakusihi usimfanye mtoto kuwa mkalimani wa mzazi wake, kwani yapo maneno ambayo mama hatayatamka mbele ya mwanawe, na huenda ndiyo hasa daktari anayoyahitaji.

Wapo wanaosita kwa kuwaogopa polisi, na hofu hiyo ina chimbuko. Sheria ya Tanzania huhesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na Kenya ilikuwa hivyo hivyo mpaka Mahakama Kuu ilipokibatilisha kifungu hicho Januari 2025. England na Wales zililifuta kosa hilo mwaka 1961. Polisi wakimkuta mgonjwa barabarani wanaweza kumpeleka mahali salama, aghalabu hospitalini, apimwe ndani ya saa 24. Huko si kushtakiwa. Suala la hati za ukaaji nalo lisimrudishe mtu mlangoni: huduma ya idara ya dharura haitozwi ada kwa yeyote, ingawa akilazwa wodini masharti ya malipo yanaweza kumgusa mgeni.

Mkiwa mnasubiri, usimwache peke yake, na umuulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Beba pakiti za dawa zote anazotumia, hata za mitishamba zilizotoka nyumbani. Siku atakaporuhusiwa kutoka wodi ya afya ya akili, msiondoke bila kuandikiwa namba ya timu ya dharura na jina la mhudumu atakayemfuatilia ndani ya saa 72.